Kupanda Mwinuko Mikono Mitupu

Nimeshasema mara tatu kwamba mimi si mtu wa kuandika. Happiness, katibu wa akina mama wa usharika wetu, hasikii. Alikuja na daftari jipya na kalamu mbili, akakalia kigoda changu, akanywa chai yangu, akasema, "Bibi, kila mama mzee ataandika maisha yake kidogo, vijana wasome." Nikamwambia vijana wenyewe hawasomi hata tangazo la mkutano. Akacheka, akaliacha daftari mezani. Hii ni wiki ya tatu, kila nikifuta meza lipo. Basi naandika ili litoke.

Jina langu Esteria. Herufi nilijifunza mwaka sabini na nne, darasa la watu wazima, kwenye ghala la ushirika. Mwalimu Aron alikuwa mdogo kwangu, ananiamkia shikamoo kisha ananikosoa. Kwa hiyo mkiona makosa, nyamazeni.

Nianze na kichwa, maana maisha yangu yote yamekaa kichwani. Sisemi akili, akili kila mtu anayo yake. Nasema utosi, hapa pa kubebea. Nilikuwa na miaka mitano mama aliponisokotea kata ya majani ya mgomba, akanitwika kibuyu kidogo cha maji. Akaniambia, "Shingo juu, macho mbele. Mguu unaijua njia." Kibuyu kikafuatwa na kuni, kuni zikafuatwa na matenga ya mapea. Enzi zile miti ya mapea ilikuwa mikubwa, mtu anapanda kama anapanda nyumba. Tulikuwa tunaondoka wasichana saba, ukungu haujainuka, miguu haina viatu, tunashuka sokoni tunaimba nyimbo za kwaya kwa mbio. Mbele yangu alikuwa dada yangu Yunis, Mungu amrehemu. Maji ya mapea yaliyoiva sana yalikuwa yanamchuruzika shingoni, na nyuki mmoja anamfuata njia nzima, na yeye hainui mkono. Mpaka leo nikisikia harufu ya pea lililoiva nauona mgongo wa Yunis kwenye ukungu.

Marehemu mume wangu Kornelio aliniona nikiwa nimebeba. Wengine waliolewa kwa sura. Mimi Kornelio alimwambia shangazi yake, "Yule msichana anabeba kama hana kitu." Shangazi akaja nyumbani kuniposa kwa maneno hayo hayo. Nikaona huyu mwanamume ana macho. Matofali ya kanisa letu, upande wa kengele, nilipandisha mimi, nina mimba ya Sefania. Nenda kayatazame.

Na sheria yetu mnaijua, ingawa siku hizi bodaboda zimeiharibu. Mwanamke wa huku hapandi mlima mikono mitupu. Ukishuka kununua chumvi, ukirudi unaokota kuni. Ukienda msibani, unarudi na mbegu. Anayepanda mikono mitupu ni mgonjwa, au amefukuzwa kwake, au ana jambo lake. Tangu barabarani, pale darajani, mpaka mlangoni kwangu ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima wa afya, na katikati kuna mwinuko wa miwati, nyumba hakuna, ni miti na mawe tu. Njia hiyo sikuwahi kuipanda bila kitu kichwani tangu nilipoolewa, isipokuwa siku moja. Mwaka wa tisini na saba, mvua zile za El Nino, udongo ulipomfunika Kornelio kwenye shamba la bondeni. Siku tuliyomzika nilipanda nyuma ya jeneza mikono mitupu, na hakuna aliyeniuliza.

Baada ya hapo usingizi ulinikataa. Nikapewa vidonge vyeupe vidogo vya kutuliza, wenyewe wanaviita valiamu. Niliambiwa wiki mbili. Zikaisha wiki mbili, nikaenda mwenyewe kwenye duka la dawa, wakanipa tena. Kila jioni viwili. Watoto wakakua, wakaoa, mimi viwili. Miaka ishirini na saba. Sikuona kama ni ugonjwa, mbona hata chumvi mtu anakula kila siku.

Sasa miaka miwili iliyopita njia ilianza kurefuka. Nafika kwa Mzee Hamza, nyumba ya kwanza, kifua kimekaza. Kusema siwezi, kwa hiyo nikatafuta ujanja. Kila nyumba nasimama nasalimia. Naanza na onga makeo, salamu yetu ya asubuhi, naendelea na habari za mbuzi, za mahindi, za mgonjwa wa Rangwi, mpaka pumzi irudi. Watu wakasema, "Jamani, Mama Sefania siku hizi ana adabu!" Mzee Hamza aliwaambia wajukuu zake waige kwangu. Nami nikakubali sifa.

Kwenye mwinuko wa miwati hapakuwa na wa kusalimia. Pale nilikuwa nameza kidonge kimoja kabla, ili moyo usidunde. Haukuacha kudunda. Ila miguu ilikuwa inalegea, na mara mbili nilijikwaa mahali ambapo napajua kuliko jina langu.

Mwezi wa sita nilivimba miguu. Sefania, mwanangu, anauza mchele Magoma, akaja akanipeleka hospitali bila kuniuliza. Nikapakwa ute kifuani, wakanipitishia mashine, wakatazama moyo wangu kwenye kioo kama sinema. Nesi wa kliniki ya moyo anaitwa Sesilia, mdogo wa umbo, ana sauti ya mtu mkubwa. Akaniuliza, "Bibi, ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

Nikashangaa. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alinifunga magoti kwa majani ya moto wiki tatu, nikapona, nikarudi kubeba. "Nani kakwambia?"

"Moyo wako. Ule ugonjwa ulipita magotini, ukaacha alama kwenye vali. Vali ni mlango wa moyo. Wako umekakamaa, haufunguki wote."

Akanipa dawa za mkojo na za kupunguza mbio za moyo. Nilidhani ataniambia nilale kitandani. Akasema nitembee! Kila siku, taratibu, kwanza mahali pa tambarare, dakika kumi, baadaye nusu saa. "Kipimo chako ni mdomo," akasema. "Ukitembea huku unaweza kuongea na mwenzako, endelea. Ukishindwa kumaliza sentensi, simama. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, kaa chini, usione aibu. Na bibi, mzigo basi. Hakuna ndoo, hakuna kuni, hakuna tenga."

Nikamwambia, "Sasa natembea kwenda wapi?"

"Huendi popote. Unatembea tu."

Sefania akacheka mpaka akageuka ukutani, maana ananijua.

Sesilia alipoona orodha ya dawa zangu, akaacha utani. Akaniuliza vile vidonge vyeupe nimeanza lini. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. "Hivi tutavipunguza, lakini kidogo kidogo, robo kwa wiki kadhaa, mimi nakuangalia. Usimeze kabla ya kutembea, vinalegeza miguu. Na usije ukaviacha ghafla. Umesikia, bibi? Ghafla hapana."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia.

Njiani Sefania akaleta lake. "Mama, hamia Magoma. Ni tambarare, zahanati iko karibu, vyumba vipo. Kule juu siku moja utaanguka na mti ndio utakuona."

Magoma! Joto lile, mtu unakaa unaloa kama umenyeshewa, na milima unaitazama kwa mbali kama picha ya kalenda. Kaburi la Kornelio liko nyuma ya jiko langu. Kila asubuhi namwaga majani ya chai pale, maua yanapenda. Nikamwambia siondoki.

"Basi tukubaliane," akasema. "Noeli nakuja. Tutapanda pamoja kutoka darajani mpaka mlangoni kwako. Pumzika utakapo, ila ufike kwa miguu yako, na ukifika uweze kunikaribisha ndani kwa sauti ya kusikika. Ukishindwa, tunashuka wote Magoma, bila ubishi."

Nikampa mkono.

Kesho yake asubuhi nikaanza kutembea tu. Hatua ishirini hazijaisha, Mwanahawa akanitokea. Huyu ni jirani yangu, analima viazi na karoti, namzidi miaka kumi na tano lakini ndiye rafiki yangu. "Shikamoo, Mama Sefa. Unaenda wapi?"

"Marahaba. Natembea tu."

"Unatembea tu wapi?"

"Tu."

Akanitazama mikono. Mchana alinituma Latifa binti yake na uji, aniulize pole pole kama namkumbuka jina. Jioni mwinjilisti akaja kuniombea. Siku ya tatu ikavuma kwamba Mama Sefania anazurura, akili zimehama. Mimi! Ningeweza kusema moyo wangu una mlango mbovu, yangekwisha. Lakini mtu aliyesifiwa kubeba miaka hamsini atatoaje neno hilo mdomoni?

Nikachukua tenga. Nikalijaza majani makavu ya mgomba, juu nikatandika kanga, nikajitwika. Uzito wake kuku angeweza kuubeba. Nikatoka shingo juu. "Onga makeo, Mama Sefania, umebeba nini leo?" "Vitu vyangu." Basi, uvumi ukafa siku ile ile. Nilitembea mwezi mzima, barabara ya tambarare ya kwenda shuleni, naongea peke yangu kupima mdomo, nasoma Zaburi kwa moyo. Pumzi ikaanza kurudi. Miguu ikashuka uvimbe. Vidonge nikashuka kutoka viwili mpaka kimoja na nusu. Na nisiwafiche, kulikuwa na raha. Kata ilipokaa utosini nilijisikia nina miaka ishirini, nageuka nyuma nikidhani Kornelio ananitazama.

Lakini mnajua adabu yetu ya tenga. Tenga lenye nafasi halipiti mlango wa mtu bure. Mzee Hamza ndiye wa kwanza: "Mama Sefania, kwa kuwa unapita shuleni, mpelekee mwalimu haya maparachichi." Ningekataaje? Akafuata mke wake na mtama. Mwanahawa akaongeza karoti za kumpelekea dada yake. Wakaona bibi hana hiana, anapita kila siku saa ile ile, kama gari la posta. Mwezi wa tisa nikawa nabeba kuliko Latifa. Na mdomo, ambao Sesilia alisema ndio kipimo, nilikuwa nimeufunga.

Nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Nilikasirika kwamba Noeli inakaribia na bado nakula vidonge kama mtoto wa kliniki. Nikasema Esteria hapunguzi robo robo. Nikavitupa vyote chooni. Siku ya pili mikono ikawa inatetemeka, uji unamwagika. Siku ya nne sijafumba macho, jasho linanitoka kwenye baridi, moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa. Na siku hiyo hiyo nimeshuka darajani, Mwanahawa akanikuta na debe la viazi vya shamba lake la bondeni: "Mama Sefa, wewe si unapanda? Mfikishie mama mkwe wangu pale juu ya miwati."

Nikajitwika.

Nilifika katikati ya mwinuko. Nakumbuka nililitua debe vizuri, halikumwagika hata kiazi kimoja. Kisha nikakaa, nikakohoa, mate yakatoka na povu jekundu kidogo, na hewa ikawa hainitoshi, kama napumulia ndani ya gunia. Wakata majani wakaniona. Wakaja wanaume wanne na machela, wale wale vijana niliowasalimia kila asubuhi, wakanishusha mpaka barabarani. Mimi, niliyepandisha matofali ya kanisa, nilibebwa. Nilifumba macho nisiwaone wanaosimama milangoni mwao.

Hospitali waliniwekea hewa ya bomba na sindano. Sesilia alipokuja sikumpa nafasi. "Nilivitupa," nikasema. "Na nilibeba."

Hakunifokea, na afadhali angefoka. Akakaa kitandani. "Bibi, mlango wako ni mwembamba, damu inahitaji muda ipite. Mwili umezoea dawa ile miaka ishirini na saba. Ukiinyang'anya ghafla, unatetemeka, moyo unakwenda mbio. Moyo ukienda mbio, damu inakosa muda, inarundikana nyuma, mapafu yanajaa maji. Halafu ukaweka na debe la viazi juu." Akanirudisha kwenye kimoja na nusu. Tulianza upya, kama watoto wa vidudu.

Sefania alikuwa amekuja na gari. Mwanahawa naye alikuwepo, amekuja na chupa ya uji na macho mekundu. "Mama," Sefania akasema, "yametosha. Nguo zako nimezifunga."

"Tulisema Noeli," nikamwambia. "Leo ni mwezi wa tisa. Mimi sikukulea uvunje neno."

"Umebebwa, mama!"

"Nimebebwa siku ambayo si ya makubaliano."

Hapo Mwanahawa akalipuka. "Kwani ana nini? Mbona hakuna anayeniambia ana nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza mlango wa moyo, vidonge, majani makavu ndani ya tenga, yote. Alisimama pale ameshika chupa. "Mama Sefa! Umeniacha nikutwike viazi kama punda, na mdomo unao! Kwa hiyo ungekufa, mimi ningeishi vipi? Ningepikia watoto vile viazi?" Akalia kwa hasira. Akanitukana kidogo kwa Kishambaa, sitaandika hapa. Kisha akanimiminia uji, akanishikia kikombe, maana mikono bado ilitetemeka.

Sefania akasema, "Noeli. Lakini wewe mwenyewe uwaambie watu wa njiani, nyumba kwa nyumba. Usipowaambia, nakuja kesho."

Hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote nilizofanya duniani. Niliporudi nilisimama mlangoni kwa Mzee Hamza nikasema, "Moyo wangu ni mgonjwa. Nimekatazwa mzigo. Mkiniona napita mikono mitupu, ni dawa." Akanitazama, akavua kofia. "Na mimi ni sukari," akasema. "Nilikuwa sijamwambia mtu." Mke wake alikuwa nyuma ya mlango, akasema, "Eti nini?" Nikawaacha wamalizane.

Nikatembea. Wiki za kwanza mikono sikujua niiweke wapi, inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Kichwa kilikuwa chepesi mpaka kinaniudhi. Nilikuwa napita mahali pale pale tulipopita wasichana saba, na sasa nimebaki peke yangu, na kichwani hakuna kitu. Siku nyingine machozi yalitoka, nikayaacha, hakuna mzigo wa kumwagika. Wakati mwingine Mwanahawa alinisindikiza, yeye ananipima kwa umbea. Nikijibu neno moja badala ya matatu, anasema, "Kaa chini." Vidonge vikashuka: kimoja na robo, kimoja, robo tatu. Usingizi ni mwembamba, lakini ni wa kwangu.

Siku mbili kabla ya Noeli Sefania akafika darajani. Nilishuka mapema kumngoja, kwa miguu. Nilivaa gauni langu la usharika, viatu vya raba alivyoninunulia, mikono mitupu. Akatangulia kuamkia kila nyumba, mimi nyuma, siharakishi. Hakuna aliyenipa hata limau. Kwenye miwati nikasimama, hakuna wa kusalimia, hakuna kisingizio.

"Umechoka, mama?"

"Nimechoka. Nangoja pumzi." Nikakaa kwenye jiwe. Akakaa na yeye. Nikamwonyesha mahali baba yake alipokuwa akinisubiri anipokee mzigo, na mimi nakataa kupokelewa. Hakuwa anajua. Tulikaa mara nne kwenye mwinuko ule, na kila jiwe lilikuwa na habari yake. Safari iliyokuwa nusu saa tuliifanya saa moja na nusu. Yeye ndiye aliyefika anahema, mchele umemnenepesha.

Mlangoni akanigeukia, akangoja. Nilivuta pumzi, nikasema kwa sauti mpaka Mwanahawa akasikia ng'ambo: "Vua viatu, nimedeki!"

Akavua. Habari za Magoma hazikutajwa tena, tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage, na Sefania akalala kwenye kitanda chake cha zamani miguu imetokeza.

Basi nipo. Nipo kwangu, na leo niko kwenye nusu kidonge. Daktari anasema mlango wa moyo hautafunguka tena, ila naweza kuishi nao kama mtu anavyoishi na mkwe. Kila asubuhi natembea, kila mwezi nakwenda kliniki. Lakini jembe nimekatazwa, na matuta yangu ya viazi nyuma ya jiko yameota magugu mpaka kiunoni, na mvua za masika zimekaribia. Kwa hiyo, Happiness, na wewe unayesoma, na hao vijana wako: maisha yangu nimewapa. Jumamosi saa mbili asubuhi mje na majembe. Ukija bila jembe, lipo moja nyuma ya mlango, mpini mzima. Chai nitapika. Na usiniulize naumwa wapi, shika tuta la kwanza, anza kupalilia.